Weusi wa Shingo ya Mwali

Alhamisi ile naikumbuka tangu asubuhi yake, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyomkalisha mama yako juu ya mkeka, nikamshusha kanga ya mabegani ili nianze kumsinga, nikaiona shingo yake. Zilikuwa zimebaki wiki nne aolewe. Liwa, ule unga wa mti wa kunukia, nilikuwa nimeshailowanisha kwa marashi, waridi kavu nimelitwanga kwa mkono wangu, na unga wa mchele uko kwenye bakuli pembeni. Nikapitisha vidole nyuma ya shingo nikahisi ngozi nene, laini kwa namna isiyo ya kawaida, kama kitambaa cha mahameli, na nyeusi kuliko mwili wake wote. Nikamwinua mkono. Kwapani vilevile.

"Mwanaidi, wewe huogi?" nikamuuliza.

Akainamisha kichwa. "Naoga, shangazi. Haitoki."

Sikumwamini. Nilisugua mpaka liwa ikanikaukia viganjani, nikamwaga maji, nikatazama tena. Weusi ulikuwa palepale.

Nakupa habari hii leo kwa sababu majuzi ulipokuja kwangu Dunda kunisalimia, hukuvua mtandio hata tulipokaa jikoni kwenye joto la moto. Ulipoinama kuokota kijiko ulichoangusha, mtandio ukateleza kidogo, nami nikaona weusi uleule shingoni. Baadaye mama yako akanieleza kwamba amekusihi mara tatu ukapime, ukamjibu ugonjwa ni wake, si wako. Akasema pia umeagiza krimu kwa mtu wa kwenye simu, ya kung'arisha shingo kabla ya harusi. Nikaona basi, huyu mtoto lazima asikie, na asikie kutoka kwangu, maana mwenye kosa katika hadithi hii ni mimi bibi yako.

Kwanza ujue mimi ni mtu wa aina gani. Mimi nashuku. Nikienda kununua samaki namfunua mashavu, nikishaambiwa ni wa leo namfunua tena. Mtu akinisifia nguo yangu, nauliza moyoni anataka kuazima nini. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba hata malaika akija kunichukua nitamwomba kitambulisho. Tabia hii imeniokoa mara nyingi na sioni haya nayo. Ila mara moja ilinipofusha kabisa, na ndiyo hiyo.

Bibi yako aliyemzaa mama yako alifariki mama yako akiwa na miaka tisa. Miaka miwili baadaye kaka yangu, yaani babu yako, akaoa tena, akamleta Bi Zuwena kutoka Mkange. Sisi watu wa mjini Bagamoyo, hasa wa rika langu, tulikuwa na ugonjwa wa kuwaona watu wa Mkange kama watu wa porini, wenye kujua miti mingi kuliko inavyofaa. Hakuna aliyelisema waziwazi. Lilisemwa kwa macho, na mimi macho yangu yalikuwa hodari kwa kazi hiyo. Nilimpokea Zuwena kwa tabasamu, nikamwita wifi, kisha nikaanza kumchunga.

Unajua kwetu mpishi huonja chakula mbele ya mgeni, kuondoa shaka. Ni adabu ya zamani, hufanywa kwa wepesi, tena kwa utani, watu wakaendelea kula. Kwa Zuwena mimi niliigeuza sheria. Miaka kumi niliyokula nyumbani kwa kaka yangu sikupeleka tonge mdomoni mpaka Zuwena achote kwanza kwenye sufuria yake, ameze, nimwone amemeza. Hakuwahi kukataa. Alikuwa akichota, anaonja, anafuta kijiko kwa kona ya kanga, ananipa sahani. Kutokukataa kwake nako nilikushuku.

Sasa rudi kwenye ile shingo. Nilipoona weusi hautoki kwa liwa, akili yangu haikuhangaika kutafuta mbali. Mwali amewekwa ndani, haonwi na watu, haguswi na mtu ila mimi ninayemsinga na mama wa kambo anayempikia na kumpa mafuta ya kujipaka. Mimi nilijijua. Basi nani amebaki? Nikaomba chupa ya mafuta ya nazi aliyokuwa akijipaka, nikainusa, nikaitazama kwenye jua, nikaimwaga yote nyuma ya choo.

Halafu nikatazama sahani. Katika wiki ile ya kwanza Zuwena alikuwa akimlisha mama yako ugali wa mtama, kunde, mlenda, samaki wa kuchemsha. Wali kidogo tu, wa kuficha kwenye ngumi. Chai haina sukari. Tena asubuhi na alasiri alimtoa uani akamzungusha, akampa mchi atwange, akampa ufagio. Niambie, mwali gani anatwanga? Mwali huwekwa ndani apumzike, anenepe, ngozi ilainike, ili watu wa upande wa pili wakimwona waseme huyu ametoka kwenye nyumba ya neema. Mimi nilichokiona ni mama wa kambo anayemnyima mtoto wa mwenzake ili siku ya harusi aonekane kama fimbo. Mama yako hakuwa fimbo hata kidogo, alikuwa na mwili na tumbo lake tangu usichana, lakini mtu akishaamua kushuku haoni hata kilicho mbele yake.

Zuwena alijaribu kuniambia. Hilo lazima nilikiri, na nilikiri kwa maneno yake mwenyewe. Alinifuata kisimani nikichota maji ya kumwogeshea mwali, akatazama nyuma kuhakikisha hakuna mtu, akasema polepole, kwa lafudhi yake ya kule.

"Wifi, ile shingo si uchafu. Mama yangu alikuwa nayo hivyohivyo, mwisho sukari ikamchukua macho. Tumpeleke mtoto akapimwe."

Nikamjibu, "Kumbe ni mama yako ndiye aliyekufundisha."

Alielewa vizuri nilichomaanisha. Akachukua ndoo yake akaondoka, na siku ileile nikaenda kwa kaka yangu nikamwambia mwali apikiwe na mimi tu, mpaka siku ya harusi, na Zuwena asikanyage chumba kile. Kaka yangu alikuwa mpole, na mimi ndiye dada yake mkubwa. Akakubali bila kuuliza sana.

Nikapika. Nataka ujue nilivyopika, maana wengine wenu mnadhani sumu lazima iwe chungu. Asubuhi uji wa mchele wa tui zito na sukari, na maandazi juu yake. Saa nne chai ya maziwa na visheti. Mchana wali wa nazi, sinia zima, na viazi ndani ya mchuzi. Alasiri halua na tende. Jioni tambi za sukari au bokoboko la ngano. Katikati ya hivyo vyote juisi ya embe, na mimi embe nililiona halitoshi utamu wake, nikaongeza sukari. Uani hatoki. Anakula, analala, namsinga, anakula.

Wiki ya pili akaanza kuona kiu. Nilifurahi, nikampelekea soda. Akawa anaamka kwenda chooni kila mara, nikasema ni soda. Akawa akishakula tu anasinzia, kope nzito, mtu unamsemesha anaitikia kwa mbali. Nikasema ndiyo kulainika kwenyewe. Wanawake waliokuja kumtazama wakamsifu mashavu, wakanisifu na mimi, na kwa mara ya kwanza maishani sifa sikuzishuku.

Kisha sisimizi. Niliwakuta wamepanga mstari kwenye sakafu ya choo, pale mama yako alipojisaidia. Nikamwaga maji, kesho yake wakarudi. Mtu mwingine angejiuliza sisimizi wanafuata nini mahali kama pale. Mimi nilijua wametumwa, na nilijua nani kawatuma. Nikamwaga majivu kuzunguka choo kizima, nikasoma dua nilizozijua, nikaona nimeshinda.

Weusi wa shingo nao, badala ya kupungua, naona ulizidi. Ilipobaki wiki moja nikaliacha bakuli la liwa nikachukua jiwe la kusugulia nyayo. Mama yako alilia. Nilimwambia avumilie, uzuri una maumivu. Nilisugua mpaka ngozi ikachubuka, ikatoa maji, na hata hapo nilikuwa namlaani Zuwena kimoyomoyo kwa kila alichonifanyisha. Kidonda kile kilivimba, kikawa cha moto. Nikakifunika kwa poda nikamvika kanga.

Siku ya harusi mama yako hakuamka. Namaanisha alifumbua macho, lakini kusimama hakuweza. Alitapika, akawa anahema kwa kasi kama mtu aliyekimbia, anasema maneno yasiyoungana. Wanawake wamejaa ukumbini, hina imeshakauka miguuni kwake, mimi nimesimama na chetezo cha udi mkononi sijui nifanye nini. Nilikuwa na hofu kubwa, na nilichofanya na hofu hiyo ni kuanza kusoma na kutupa macho mlangoni nione nani anachungulia.

Aliyeingia ni Zuwena. Hakuniomba ruhusa. Alimwinua mama yako kwa mikono miwili, akamvika baibui, akampigia kelele jirani mwenye pikapu awashe gari. Mimi niliwafuata nyuma na wanawake wawili watatu, tumevaa nguo za sherehe, mapambo yanalia mikononi. Wanaume walikuwa wameshakwenda msikitini na habari haikuwa imewafikia. Ndiyo maana mama yako aliolewa hali hayupo. Baba yako alikuwa akishika mkono wa babu yako na kusema nimekubali, wakati bibi harusi wake amelazwa na mpira wa maji umo mkononi.

Pale hospitali, mwanangu, ndipo nilipofanya kubwa. Zuwena alitaka kuingia wodini na mgonjwa. Nikasimama mlangoni, nikanyoosha mkono kwenye fremu. Kulikuwa na wauguzi, kulikuwa na wanawake wa pande zote mbili, hata mama wa baba yako alikuwa ameshafika. Nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Huyu asiingie. Huyu ndiye aliyemfanyia."

Zuwena alinitazama tu, kanga yake imelowa matapishi ya mtoto ambaye mimi sikuthubutu kumbeba.

Daktari akatoka. Alikuwa mwanamke kijana, mfupi, ana haraka. Akasema sukari ya mgonjwa iko juu sana, na kidonda cha shingoni kimepata usaha, kimezidisha mambo. Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasikia joto usoni.

"Nani amekuwa akimpikia mwezi huu?"

Wanawake wakatazamana. Wale wa upande wetu walijua. Na hapo Zuwena akasema, kwa utulivu, kama mtu anayejibu habari ya asubuhi, "Sote tulikuwa tunampikia, daktari. Nyumba ya harusi, kila mtu analeta."

Alinifunika. Nilikuwa nimetoka kumvua nguo mbele za watu, yeye akanivua aibu. Na mimi nilifanya nini? Nilinyamaza. Nilishusha mkono wangu mlangoni akapita, lakini neno langu sikulirudisha. Kupika kwangu nilikosa kwa ujinga, kusugua kwangu nilikosa kwa ujinga na kiburi. Kunyamaza kule sikukukosea kwa ujinga. Nilijua.

Siku ya pili, mama yako akiwa ameanza kujitambua, daktari alituketisha mimi na Zuwena kwenye benchi akatueleza. Nilimsikiliza nikiwa nimekunja uso, nikingoja mahali atakapodanganya. Sikupaona. Alisema tukila wanga na vitamu, sukari inaingia kwenye damu, na mwilini kuna kitu kinaitwa insulini, kazi yake ni kupiga hodi kwenye nyama na ini ili sukari iingie ndani, itumike au iwekwe akiba. Lakini iko miili ambayo hodi hiyo haiisikii vizuri. Insulini inagonga, wenye nyumba hawafungui. Basi kongosho, ambalo ndilo linaloituma, linaona sukari imerundikana nje, linatuma insulini zaidi, hodi inakuwa ya kugonga kwa ngumi. Mtu anaweza kukaa hivyo miaka, haumwi popote, hata kipimo cha sukari kisionyeshe kitu, wakati ndani mlango unagongwa usiku na mchana. Ile insulini nyingi ndiyo huifanya ngozi ya shingo na kwapa kunenepa na kuwa nyeusi. Mwisho kongosho huchoka. Sukari inabaki damuni, inatoka na mkojo, inavuta maji ya mwili, mtu anaona kiu.

Nikamuuliza kuhusu sisimizi. Daktari hakucheka, aliitikia kwa kichwa, akasema ni sukari ya kwenye mkojo iliyowaita. Zuwena alitazama miguu yake.

Halafu nikamtajia vyakula vyote, kimoja kimoja, uji, halua, juisi, mbele ya Zuwena. Hilo angalau nililifanya. Daktari akaniambia si chakula changu peke yake. Mwili wa Mwanaidi huenda ulikuwa hivyo tangu zamani, kwa asili ya ukoo na kwa tumbo lile, na mwezi wa kulala na kula utamu umeusukuma, na kidonda kikamalizia. Nilifurahi kusikia si mimi peke yangu. Kisha nikaishuku furaha yangu yenyewe, nikaona ni ya mtu mwoga.

Baba yako alikuwa amekuja hospitali jioni ileile ya harusi, kanzu haijakunjika hata kidogo. Akaweka mkono juu ya paji la uso wa mama yako akasoma dua inayosomwa kwa bibi harusi, palepale kitandani, wagonjwa wengine wakaitikia amina. Nililia sana. Huyo ndiye baba yako, na kwa hilo nilimsamehe mambo mengi aliyokuja kuyafanya baadaye.

Aliyemfundisha mama yako kula upya ni Zuwena. Siku arobaini alikuwa akienda nyumbani kwao kila siku. Vilevile vya kwanza vilirudi, kunde na mlenda, dengu, samaki, mchicha uliojaa sahani, wali wa ngumi moja pembeni. Hakumkataza kila kitu. Alimwambia aanze na mboga na samaki, wali uje mwisho, na akishakula asijilaze. Alasiri walitembea pamoja mpaka kwenye njia ya Kaole, wakirudi jasho limewatoka. Vidonge vya hospitali mama yako alimeza kama alivyoambiwa, na anameza mpaka leo. Mwili ukapungua, tumbo likashuka, na siku moja, baada ya miezi mingi, akanionyesha shingo. Weusi ulikuwa umefifia bila liwa na bila jiwe. Akakuzaa wewe salama, kwa kupimwa kila mara.

Lakini neno langu la pale mlangoni lilibaki mjini. Unalijua jambo la misiba yetu, kila mwanamke huja na sufuria yake. Sufuria ya Zuwena ilikuwa ikirudi imejaa. Watu walimsalimia vizuri, walimpokea, waliiweka jikoni pamoja na nyingine, na wakati wa kupakua mikono iliiruka. Niliona mara ya kwanza nikasema labda wameshiba. Niliona mara ya pili na ya tatu. Ningeweza kuinuka nikapakua kwenye sufuria ile nikala mbele yao. Sikuinuka. Babu yako alipofariki, Zuwena alikaa eda, akafunga mizigo yake, akarudi Mkange. Hakuna aliyemsindikiza ila mama yako.

Sasa nikwambie la Jumapili iliyopita, maana nyumbani niliaga nakwenda kuangalia shamba, na hilo si kweli. Nilipanda basi, nikashuka, nikapanda bodaboda kwenye vumbi mpaka Mkange. Nilimkuta Zuwena anachambua kunde kibarazani. Nywele zake zimekuwa nyeupe kuliko zangu. Alinikaribisha kwa salamu zote, za nyumba, za afya, za wajukuu, bila haraka, na mimi nikazijibu moja moja. Nikamweleza kuhusu shingo yako. Nikamwambia harusi yako mwezi ujao. Kisha nikalitoa.

"Wifi, nilikusingizia mbele ya watu. Ukweli ukatoka, nikanyamaza mbele ya watu walewale."

Aliendelea kuchambua kunde zake kidogo. "Nilijua kwamba ulijua," akasema. "Hicho ndicho kilichoniuma. Ungekuwa hujui ningekuhurumia."

Akainuka akapika. Ugali wa mtama, kunde, mlenda na samaki mkavu. Akaleta sinia, akakaa, na kwa mazoea ya miaka ile akachota kwa kijiko apeleke mdomoni kwake kwanza, mimi nione. Nikamshika mkono. Nikakitoa kile kijiko mkononi mwake nikala mimi. Nilikula mpaka nikamaliza upande wangu wa sinia, na chozi likawa linanidondokea humohumo, yeye akajifanya haoni.

Nilipomwomba aje akupikie mwezi huu utakaowekwa ndani, akasema atakuja. Ila jikoni haingii mpaka niseme mbele ya wanawake walewale waliokuwa mlangoni siku ile, wale walio hai. Nimewaalika wote Alhamisi, siku ya kuanza kukusinga. Wanadhani wanakuja kula. Watakula, tena sufuria itakuwa ya Zuwena, na wa kwanza kupakua nitakuwa mimi. Lakini kabla ya hapo nitasimama na kusema, na nakuomba uwepo, mtandio umeuvua.

Basi shika haya, mwanangu. Ile krimu usiipake. Na jiwe asikuguse nalo mtu yeyote. Weusi wa shingo haukuhukumu, wapo wenye shingo hiyo na sukari yao ni salama, na wapo wenye shingo safi wanaumwa. Ila weusi huo umekuja kukuambia nenda ukapime, basi kapime, na kabla ya Alhamisi. Ukiambiwa mwili wako hausikii hodi vizuri, usilie kama umeambiwa umekufa. Wengi wakiwahi hali hiyo hurudi nyuma kwa kula na kutembea, wengine huhitaji na vidonge, na kujua wewe ni yupi ni kazi ya daktari, si yangu wala ya mtu wa kwenye simu. Punguza sukari ya kunywa kwanza, soda, juisi, chai ya sukari nyingi, maana hiyo huingia kwa kasi na tumbo halina habari. Wali usiuache, upunguze, uweke kunde na mboga na samaki kwanza. Ukishakula inuka. Mwali anayetembea uani hajaharibu harusi ya mtu.

Na kushuku sikukatazi, umerithi kwangu na hutakuacha. Ila angalia unashuku wapi. Ishuku chupa iliyoandikwa juisi halisi. Mshuku anayekuuzia unga wa kusafisha sukari na kukuambia utupe vidonge, huyo mshuku mara mbili. Nishuku hata mimi nikija na sahani ya kaimati nikisema moja tu haidhuru. Lakini mtu anayekuambia jambo usilotaka kulisikia, asiyepata faida yoyote kwa kukuambia, kabla hujamshuku kaa chini umsikilize mpaka amalize. Na ukishamkosea mbele ya watu, usiende kumwomba radhi kichochoroni.

Mola akujaalie mwili unaoitika hodi kwa upesi, akupe macho ya kuwaona wajukuu zako, na mume atakayekuwekea mkono kwenye paji la uso hata siku usiyopendeza. Akupe na wifi kama niliyepewa mimi, ila wewe akupe akili ya kumjua mapema. Alhamisi, mwanangu, kaa karibu yangu. Miguu yangu haina nguvu kama zamani, na nitakuwa na neno refu la kusema nimesimama.